Baada ya arosto

Teja ni mteja aliyekatwa silabi ya mbele. Mtaani kwetu Ngamiani, hapa Tanga, neno hilo limekuwa tusi kiasi kwamba hakuna anayekumbuka kuwa penye mteja pana muuzaji. Ila mabishano ninayotaka kuyapima leo si ya muuzaji. Ni ya nyumba moja jirani na kwangu, ambako dada na kaka wamegawanyika juu ya kijana mmoja, na kila mmoja, bila kusoma popote, ameshika upande ambao wataalamu nao wanaugombania.

Kijana alikuwa mvuvi kama baba yake. Baba alizama kijana akiwa na miaka 14, naye yumo ndani ya chombo hichohicho. Alipofika miaka 19 akaanza kuvuta unga, yaani heroini, kule Deep Sea, kwenye soko la samaki la wavuvi, baadaye akahamia kwenye sindano. Mama anasema unga ndio uliomharibu mwanawe, kwani kabla ya hapo alikuwa mtoto wa chuoni, hakosi swala. Mjomba anasema, "Dada, mtoto huyu aliharibika siku ile baharini. Unga ulikuta mlango wazi."

Nianze na mama, maana upande wake ndio wenye vipimo vingi. Heroini ikifika kwenye ubongo hugeuka mofini na kukalia vipokezi ambavyo mwili umeviweka kwa ajili ya dawa yake wenyewe ya maumivu, yaani endofini. Hapo breki za seli zinazomwaga dopamini, kemikali ya hamu na raha, huachiwa, na ubongo unajifunza kuwa jambo hili ni kubwa kuliko chakula. Likirudiwa, vipokezi huzoea, na kete, kile kipimo kidogo cha unga, ya jana leo haifui dafu. Wakati huohuo ile sehemu ya shina la ubongo inayotushtua penye hatari, ambayo unga huikandamiza, hujikaza ili iendelee na kazi yake hivyohivyo. Unga ukikosekana, inafumuka: miayo, kamasi, vinyweleo kusimama, tumbo kuhara, usingizi kupotea. Ndiyo arosto. Mwenye nayo haendi maskani, kijiwe cha watumiaji, kutafuta stimu. Anakwenda kutafuta walau saa chache za kuwa kama watu wengine, na wale wanaosema "kajitakia" ningependa waione mara moja tu.

Mwaka 1997 Alan Leshner, aliyekuwa akiongoza taasisi ya taifa ya Marekani ya utafiti wa uraibu, aliandika kuwa uraibu ni ugonjwa wa ubongo. Hoja hiyo ina matunda yanayoonekana. Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, walianza kutoa metadoni, dawa ya kunywa ya jamii ya mofini inayozuia arosto, mwaka 2011, na leo hospitali ya Bombo hapa Tanga nao wanatoa. Heroini huisha nguvu ndani ya saa chache, lakini metadoni hukaa mwilini zaidi ya siku nzima, hivyo kikombe kimoja mbele ya muuguzi kinatosha mpaka kesho. Mtu anapata nafasi ya kufikiria jambo jingine.

Lakini ubongo peke yake haujibu kila kitu. Askari wengi wa Marekani waliozama kwenye heroini huko Vietnam waliporudi kwao waliacha. Lee Robins aliwafuatilia na kukuta kwamba ni wachache mno waliorudia uraibu katika mwaka wa kwanza. Wengine huusoma utafiti huu kana kwamba unathibitisha kuwa kuacha ni suala la kuamua tu. Mimi nausoma kwa namna nyingine: wale walipanda ndege, wakaiacha vita, wauzaji na maskani nyuma yao. Kijana wetu akitoka nje ya geti, maskani anaiona.

Sasa mjomba. Mwaka 1998 Vincent Felitti na Robert Anda walichapisha majibu ya watu wazima zaidi ya 9,000 wa San Diego kuhusu mateso ya utotoni: kupigwa, kunajisiwa, kuona mama akipigwa, kuishi na mlevi. Waliopitia aina nne au zaidi walikuwa na hatari ya ulevi, dawa za kulevya, sonona na kujaribu kujiua kwa mara 4 hadi 12 kuliko wasiopitia lolote. Hilo lina maelezo yake mwilini. Kiwewe, yaani jeraha la akili linaloachwa na tukio la kutisha, huiacha amigdala, kengele ya ubongo, ikiwa haizimiki, na kumbukumbu yake haina tarehe: harufu ya mafuta ya taa inatosha kumrudisha mtu kwenye chombo kinachozama. Kisha linakuja jambo ambalo mimi naliona zito kuliko takwimu zote. Katika miaka ya 1970 Jaak Panksepp alionyesha kwamba vinyama vidogo vilivyotenganishwa na mama zao hupunguza kulia vikipewa dozi ndogo ya dawa za jamii ya mofini. Yaani mfumo uleule unaotuliza kidonda hutuliza pia uchungu wa kuachwa. Mjomba hakukosea kuhusu mlango.

Amekosea kwingine. Wengi waliozamiwa na baba zao hawajawahi kushika kete, na wako walioanza kwa sigara ya rafiki tu, bila msiba wowote. Pwani hii ina majahazi yanayopitisha heroini kutoka upande wa Makran, pwani ya Irani na Pakistani. Bila unga kufika Deep Sea, huzuni ya kijana huenda ingeishia kwenye gongo. Na maelezo ya kiwewe yana tabia mbaya ya kumrudia mama: ulifanya nini, mbona hukuona?

Mimi naona swali la kipi kilitangulia linatuchelewesha. Arosto kali huisha ndani ya wiki moja hivi. Mwezi wa tatu tangu kuacha unga ndio mgumu. Dopamini bado iko chini, hata ubwabwa haunogi, na majonzi yaliyokuwa yamezimwa miaka yote yanaamka pamoja. Kijana alimlilia baba yake miaka tisa baada ya mazishi. Majirani wakasema dawa za Bombo zimemchanganya, wengine wakasema jini, akapelekwa kwa mganga. (Nitamsifu mganga kwa jambo moja: ndiye wa kwanza aliyemuuliza nani alikufa.) Tatizo ni kwamba wiki hizo aliacha dozi ya metadoni. Mwili uliopumzika haustahimili tena kipimo cha zamani, na hapo ndipo sindano moja huua. Alipona kwa bahati.

Wapo wanaoonya kwamba kufukua kidonda mapema kutamrudisha mtu kwenye unga. Utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2012 ulitibu kiwewe na uraibu kwa pamoja, na dalili za kiwewe zikapungua bila matumizi kuongezeka. Walikuwa na wanasaikolojia waliofunzwa kazi hiyo, watu ambao nchini kwetu ni haba. Ndiyo maana silitaki baraza la mtaa limtapishe kijana siri zake, lakini sitaki pia kikombe kiwe tiba nzima.

Siku hizi anakwenda Bombo kwa baiskeli kila asubuhi. Mama akimtuma samaki, hakanyagi Deep Sea. Ananunua soko la Mgandini, kwa bei ya juu. Mama anasema anawakimbia wauza kete. Mjomba anasema anaikimbia bahari.