Jamani Mbudya si dampo

Jumapili tumevuka na familia kwenda kisiwa cha Mbudya hapa Dar, boti toka Kunduchi ni dakika chache tu unafika, maji meupe mpaka unaona mchanga chini, watoto wamefurahi balaa. Sasa tumetandika khanga chini ya banda la makuti, mwanangu wa miaka minne anachimba mchanga kaniletea kitu mkononi, naangalia, pampasi! Pampasi iliyotumika, imefukiwa kabisa, yani mtu kachimba shimo kafukia kaondoka zake.

Nimeumia sana. Kile kisiwa ni hifadhi ya bahari tangu 1975, pamoja na Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini, hata kuvua samaki pale hairuhusiwi, alafu sisi wenyewe wa Dar tunaenda na makreti ya soda na foili za chipsi tunaacha pale pale. Na usiniambie ni wazungu, grupu la jirani yetu walikuwa vijana wa hapa hapa mjini, spika kubwa toka asubuhi, saa kumi boti yao imekuja wakabeba spika wakaacha chupa, nimehesabu kumi na saba, na mifuniko sijahesabu.

Mimi na mke wangu tukaokota tukajaza mfuko, nahodha akatupakilia bila neno (Mungu ambariki yule kaka).

Ulikuja na chupa imejaa maji, nzito, ukaibeba. Ikiwa tupu inakushinda nini kurudi nayo?