Mapumziko ya Kuhesabu Ndege

Sijui ni nani aliyeeneza habari kwamba kutazama ndege ni mapumziko. Mimi ninayeshinda bandarini nikifuatilia makaratasi ya mizigo ya watu ninayajua mapumziko: ni kulala Jumamosi mpaka jua lipige dirisha, kisha kunywa chai bila kuitwa na mtu. Sahibu yangu naye alikuwa hivyo hivyo, mtu na heshima zake, hadi aliponunua darubini. Tangu hapo hatuwezi kuongozana njiani bila yeye kusimama ghafla chini ya mwarobaini na kuninyamazisha kwa kidole, na ndiye aliyenishawishi tutoke Mombasa twende Watamu mwishoni mwa juma, kwenye tamasha la Siku ya Ndege Wahamao Duniani, ambayo huadhimishwa kila mwaka mwezi wa Mei na mwezi wa Oktoba. Aliniahidi bahari, upepo na chakula. Upepo ulikuwepo.

Tuliamshwa saa kumi alfajiri, tukapelekwa katika msitu wa Arabuko-Sokoke kumtafuta bundi. Nasema bundi, msomaji, wala hujasoma vibaya. Nyanya yangu, Mungu amrehemu, alipomsikia bundi juu ya paa alitoka nje na kijinga cha moto na hakurudi kulala mpaka mgeni yule amehama mtaa, na leo mjukuu wake amelipa kiingilio ili aoneshwe bundi huyo huyo kwa karibu. Walinieleza kwamba huyu si bundi wa kawaida, kwa kuwa wataalamu hawakumjua mpaka mwaka 1965, na kwamba ukimkosa hapa itakubidi uende kumtafuta katika misitu ya chini ya Usambara, kule Tanzania. Niliuliza kama haiwezekani kumtafuta huko Usambara mwaka ujao, nikaambiwa ninyamaze.

Msitu huo una ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 420, na nina hakika kwamba miiba yake yote imekusanywa katika vile vichaka vya udongo mwekundu anakopenda kulala bundi huyo. Una tembo pia, jambo ambalo sahibu yangu alikumbuka kunieleza baada ya sisi kuruka kinyesi kilichokuwa bado kinafuka mvuke. Hatimaye kiongozi wetu aliinama, akafunua majani kwa kidole, na hapo, juu ya kijiti kilichofika usawa wa kifua changu, alikaa bundi mwenye kimo cha sentimita 16 hivi, macho nusu wazi nusu yamefumba, akitutazama kama tulivyostahili kutazamwa. Nikiri kwamba alikuwa mzuri, na nilikuwa ndiyo kwanza naanza kumtazama wakati sahibu yangu alipotoa kalamu, akamtia alama katika orodha yake na kuninong'oneza, "Haya yahe, twende." Nimekwaruzwa kuanzia kisigino hadi sikio, halafu naambiwa twende!

Baada ya hapo tulisimama kwa muda mrefu, shingo zimepinda, tukimngoja mnana wa Clarke, ambaye hapatikani popote duniani isipokuwa katika kaunti hii ya Kilifi, na ambaye wataalamu hawakuyaona mazalio yake mpaka mwaka 2013. Hakutokea. Kiumbe aliyeweza kuificha nyumba yake muda wote huo katika nchi ambayo hata mwenye deni dogo la duka hutafutwa akapatikana, mimi ninampa heshima zangu zote, lakini sahibu yangu alimsema maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Tamasha lenyewe lilikuwa kando ya hori ya Mida, penye mikoko na daraja la mbao linalobembea, na kama ilivyo ada yetu lilianza kwa mahema, viti vya plastiki na kumsubiri mgeni wa heshima. Kila aliyezaliwa pwani anajua kwamba ndege wa matopeni hufuata maji, si ratiba: maji yakipwa hutawanyika mbali kutafuta chakula, yakianza kujaa husukumwa karibu na watu, na yakijaa kabisa huondoka kwenda kupumzika kwingine. Mgeni wa heshima alifika maji yanajaa, akaanza kutushukuru mmoja mmoja.

Mimi nilijiondoa polepole nikaenda darajani, na huko ndiko nilikomwona ndege mmoja mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene, akimpiga kaa mpaka miguu ikamtoka. Hawa hutoka pwani za Omani na za Ghuba, ambako hutaga yai jeupe ndani ya shimo walilolichimba mchangani. Nyuma yake alifuata kijana wake, mwenye mgongo wa kijivu na kimo kama cha mzazi, akilia na kuinamisha kichwa ili alishwe. Kijana amekuja kutoka Uarabuni kwa mbawa zake mwenyewe, lakini kumkamata kaa aliye mbele ya mdomo wake ni kazi ya mama, sawasawa na mabarobaro kadhaa ninaowafahamu mtaani kwetu. Niliwatazama mpaka maji yakafika chini ya mbao.

Sahibu yangu alinikuta hapo akiwa na hasira. Palikuwa na shindano la kuhesabu aina za ndege, na kundi la jirani lilikuwa limetupita kwa aina moja. Ubishi ulihusu vitwitwi wawili wa kijivu waliosimama mbali, ambao wote huzaliwa Asia, wote hufanana, na mmoja humzidi mwenzake kidogo tu urefu wa mdomo na miguu. Yeye aliapa kwamba ameona aina zote mbili, lakini waamuzi walitaka shahidi.

"Yahe, sema na wewe uliuona ule mdomo mrefu," alinisihi.

Nilimjibu kwamba tangu saa kumi alfajiri sijaona mahamri wala mbaazi, na kwamba macho yangu hayawezi kukumbuka urefu wa mdomo wa ndege yeyote kabla wangu haujapata kitu cha kutafuna.