Namba ya mgongoni haikunipa saa nzuri

Nina saa moja ya mitambo ambayo mgongoni imechongwa 0412/1000. Sitaficha: namba hizo ndizo zilizonivuta. Tangazo lilisema ni toleo maalumu, zitatengenezwa elfu moja tu basi, na kwamba skurubu za mashine yake ni za buluu ya moto. Wiki ya tatu nikashika lenzi nikachungulia kupitia kioo cha mgongoni. Buluu ilikuwa ileile kila nilipoinamisha saa, bapa, kama ya mlango uliopakwa juzi. Skurubu moja bisibisi ilikuwa imeteleza ukingoni mwake, na rangi ikabanduka kama ganda.

Buluu ya moto haibanduki hivyo, kwa sababu si rangi ya kupaka. Fundi huing'arisha skurubu kwanza, akaiweka juu ya kisahani cha shaba chenye moto chini yake, akangoja. Chuma kinakuwa manjano kama nyasi kavu, kinaingia kahawia, zambarau, halafu karibu na nyuzi 300 za selsiasi buluu inatokea. Akizubaa kidogo tu inafifia kuelekea kijivu, na hana budi kuanza upya. Skurubu ya namna hiyo ukiitazama kwa pembe moja ni nyeusi. Igeuze kidogo kwenye mwanga, inawaka.

Basi ugomvi wangu na matoleo ya idadi maalumu ulianzia hapo. Kampuni inaweza kutangaza saa 1,000 zenye uso wa kijani, mwakani ikatangaza nyingine 1,000 zenye uso wa maroni, na mashine ndani ikawa ileile, mkanda uleule, kila kitu kilekile. Kila toleo peke yake ni adimu. Yajumlishe yote pamoja uone kama neno hilo bado lina maana. Hiyo ni idadi iliyokatwa na watu wa mauzo, na wangeweza kuikata popote.

Idadi nyingine hukatwa na mikono. Philippe Dufour, fundi wa saa wa Uswisi, alianza kutengeneza saa yake ya Simplicity mwaka 2000, saa ya akrabu tatu isiyo na mbwembwe yoyote. Zilizotoka ni zaidi kidogo ya 200, na zilimchukua zaidi ya miaka kumi. Ukitaka kujua muda huo uliishia wapi, tafuta kona za ndani kwenye vibamba vya mashine yake, pale kingo mbili zilizochongwa mshazari zinapokutana. Kinoo kinachozunguka hakiwezi kuingia mle. Kitaacha kona ya mviringo. Ncha kali kama ile inatoka kwa tupa ya mkononi, kisha kingo zinasuguliwa kwa kijiti cha mti hadi zing'ae. Mtu akiniambia saa ya aina hiyo ni chache, simuulizi kwa nini.

Zipo namba zilizotangazwa ambazo naziheshimu hata hivyo. Mwaka 1970 NASA iliipa kampuni ya saa ya Omega tuzo yake ya Silver Snoopy. Miezi kadhaa kabla, katika safari ya Apollo 13, wanaanga walikuwa wametumia Speedmaster, saa ya Omega, kupima sekunde 14 za kuwasha injini ili chombo chao kilichoharibika kirudi kwenye njia yake. Toleo la 2003 la kuikumbuka tuzo hiyo lilikuwa na saa 5,441, kwa kuwa safari ile ilidumu saa 142, dakika 54 na sekunde 41. La 2015 likawa na saa 1,970. Katika hili la pili, kwenye duara la dakika, kuna maandishi madogo yanayoanzia juu kabisa na kukomea alama ya 14, yakikuuliza ungeweza kufanya nini kwa sekunde 14. Akrabu ya sekunde inayasoma yote kwa muda uleule ambao injini iliwaka. Namba imeingia kwenye uso wa saa, haikubaki mgongoni.

Kisha likaja la 2020, ambalo halikuwekewa idadi yoyote, na kwangu ndilo linalowashinda wenzake. Washa kronografu, yaani kipima muda cha saa hiyo, uigeuze: mgongoni chombo kidogo kinauzunguka Mwezi, na Dunia kando yake inajizungusha mara moja kila dakika. Ubunifu wa kiwango hicho, na hakuna aliyeambiwa awahi kabla hazijaisha.

Upande wa pili kabisa naiweka Nautilus, saa ya kampuni ya Patek Philippe, yenye uso wa buluu ya Tiffany, duka la vito la Marekani. Zilitoka 170 mwishoni mwa 2021, moja kwa kila mwaka tangu nyumba hizo mbili zianze kushirikiana 1851, na ya kwanza iliuzwa mnadani New York kwa dola milioni 6.5. Rangi ni nzuri, sibishi. Ila ni rangi.

Kero ndogondogo nazo ninazo. Alama za kung'aa gizani zilizotiwa rangi ya chai ili saa mpya ionekane kongwe: uzee wa kuazima. Na kidirisha cha tarehe kilichobanwa kati ya 4 na 5, pale tunaposoma saa kumi na nusu, kimeinama kana kwamba kimeteleza kutoka mahali pake. Katika toleo la kawaida nitavumilia, lakini mtu aliyekaa chini kubuni saa elfu moja tu alikuwa na nafasi ya kukiondoa.

Ile 0412 bado naivaa. Juzi nilipokuwa naifuta kioo niliona ncha ya akrabu yake ya dakika imepindwa chini kidogo, ifuate mbinuko wa uso hadi karibu iguse alama. Tangazo lilijaa namba na buluu. La ncha hii halikusema neno.