IST yenye kilometa 240,000: nani kasema imechoka?

Matangazo ya magari yaliyotumika Dar es Salaam yana lugha moja: namba D, AC kali, haidai hata mia, lilikuwa la mama mmoja, kilometa 78,000, bei maelewano. Wanunuzi nao wana swali moja la kwanza: limetembea ngapi? Ukijibu 240,000, simu inakatwa kwa adabu. Ukijibu 78,000, unaulizwa gari liko wapi.

Hofu hiyo ina sababu zake na nitazifikia. Kwanza tupige hesabu ya hizo 78,000, maana ndizo zinazokera.

Chukua Toyota IST ya mwaka 2004, ile ya umbo la kwanza iliyotengenezwa kuanzia 2002 hadi 2007. Kufikia 2025 ina miaka 21. Gawanya 78,000 kwa 21, unapata kilometa 3,700 na ushei kwa mwaka, yaani kama 10 kwa siku. Mtu anayekaa Kimara na kufanya kazi Posta hula zaidi ya 30 kwa siku, kwenda na kurudi. Kwa siku 300 tu za mwaka hizo ni 9,000, kabla hajaenda harusini Bagamoyo wala msibani Moshi. Ili 78,000 ziwe za kweli, gari liwe lililala sana Japani, kisha likaja kulala tena hapa. Yapo magari ya namna hiyo, lakini hayawezi kuwa yote yanayotangazwa.

Kurudisha kilometa nyuma si kazi ngumu. Odomita ya kidijitali ni tarakimu zilizohifadhiwa kwenye chipu ya dashibodi. Mwenye kifaa chake huzibadilisha chai haijapoa. Wengine hawahangaiki na chipu, wanafunga dashibodi nzima ya mtumba iliyotoka kwenye gari jingine. Na tusimtupie lawama zote muuzaji. Mwenye IST ya 240,000 za kweli, aliyemwaga oili kwa wakati miaka yote, anamwona jirani yake mwenye gari lilelile akiuza ndani ya wiki moja, kwa bei ya juu, kwa sababu tu dashibodi yake inasoma chini ya laki moja. Woga wa mnunuzi ndio unaomlipa fundi wa dashibodi.

Hasara yenyewe haiishii kwenye bei. Ratiba ya matengenezo husomwa kwenye kilometa. Carina Ti na Corolla 110 zenye injini ya 5A-FE zina mkanda wa taimingi ambao hubadilishwa kila kilometa 100,000. Dashibodi ikisoma 85,000 wakati gari limeshafika 185,000, mnunuzi anaamini mkanda una 15,000 mbele yake, ilhali huenda ulipitisha siku zake zamani sana. Kwenye 5A-FE ana bahati: mkanda ukikatika gari linazima tu, kwa kuwa valvu na pistoni za injini hiyo hazigongani. Kwenye injini nyingine valvu zinapinda na silinda hedi inafunguliwa. Plagi za iridiamu, oili ya gia boksi, kulanti (maji ya kupozea injini), vyote vinafuata kalenda hiyohiyo ya uongo. Mnunuzi anabaki na gari lisilo na ratiba, na hajui kuwa halina.

Sasa wanaoogopa. Hawaogopi kivuli. Kilometa nyingi hula mpira na chuma kwa pamoja: bushi, boljointi, mauntini za injini, shokapu, beringi za magurudumu. Gia boksi ya otomatiki haiponi kwa kuombewa. Kampuni za bima husita kutoa bima kubwa kwa gari la zamani. Siku ya kuuza utakutana na mnunuzi mwoga kama ulivyokuwa wewe. Na kuna gharama isiyoandikwa kwenye risiti: kukaa gereji Jumamosi nzima ukisubiri linki ya stabilaiza ifuatwe Ilala Shauri Moyo, iletwe, ikutwe si yenyewe, irudishwe. Nesi wa zamu ya usiku anayehitaji gari liwake saa tisa alfajiri bila mjadala ana haki ya kulipa zaidi apunguze mashaka.

Ila hoja hiyo ina shimo katikati. Inachukulia kwamba kilometa ndizo zinazoichosha injini. Injini haijui kilometa. Injini inajua saa ilizozunguka, mara ilizowashwa ikiwa baridi, joto lililoipata na oili iliyopewa.

Tuseme gari la kwanza lina kilometa 240,000, mwenyewe ni mtu wa Dar na Morogoro kila wiki, mwendo wa wastani kilometa 60 kwa saa. Injini yake imefanya kazi saa 4,000. Gari la pili lina 90,000 za kweli kabisa, zote za mjini. Weka wastani wa kilometa 18 kwa saa. Aliyewahi kukaa Mwenge jioni ya mvua hataona nimezidisha. Hizo ni saa 5,000. Gari lenye kilometa chache limefanya kazi saa 1,000 zaidi, tena kwa shida: feni inazunguka bila upepo wa mwendo, AC haizimwi, gia inaingia na kutoka, breki zinakanyagwa kila mita ishirini. Ukiwapa wanunuzi kumi wachague, tisa watachukua la pili na kuongeza pesa juu.

Hesabu hiyo inakata pande zote mbili, na hapa mwenye woga anapata haki yake. Kilometa 240,000 zilizotembea zote mjini ni zaidi ya saa 13,000. Hilo ni gari la teksi mtandao, na hilo kweli limechoka. Namna ya kulitambua si dashibodi, ni mlango wa nyuma kushoto. Abiria wetu hushukia na kupandia upande wa kushoto. Angalia mpini wa mlango huo, kizingiti chake kilivyochubuliwa na viatu, na povu la kiti cha nyuma upande huohuo. Gari la familia linachakaa kwa dereva; la abiria linachakaa nyuma kushoto. Kisha angalia mpira wa pedali ya breki, ung'avu wa usukani pale mikono inaposhika, na ubavu wa kiti cha dereva pale mtu anapojisugua akishuka. Pedali iliyolika hadi chuma haiendani na 78,000.

Karatasi pia zinaongea. Japani gari hukaguliwa baada ya miaka mitatu ya kwanza, kisha kila miaka miwili, na cheti cha kufuta usajili kwa ajili ya kusafirisha nje huonyesha kilometa zilizosomwa kwenye ukaguzi. Wenye magari wengi wana nakala yake kwenye bahasha ileile ya kadi ya gari na hawajui thamani yake. Kama cheti kinasema 96,000 mwaka gari lilipoondoka Japani na dashibodi leo inasema 78,000, mazungumzo yameisha. Tafuta pia zile kadi ndogo za kumwaga oili zinazoning'inizwa na gereji. Gari la 240,000 lililomwagwa oili kila 5,000 limemwagwa mara 48. Huwezi kupata kadi zote 48, lakini nne au tano za miaka tofauti, namba zikipanda kwa mpangilio, zinatosha kumpa mwenyewe heshima.

Kwenye ukaguzi wenyewe, sharti la kwanza ni gari likutwe baridi. Mwambie: "Bosi, nakuja saa moja asubuhi, naomba usiliwashe." Ukifika weka kiganja kwenye boneti. Likiwa vuguvugu, kuna kitu kilihitaji kufichwa.

Fungua kifuniko cha kuwekea oili na umulike ndani kwa tochi ya simu. Rangi ya dhahabu au kahawia kwenye chuma ni uzee wa kawaida. Utando mweusi mzito kama grisi ni oili iliyoachwa ikapikwa. Ute mweupe kama mayonesi unaweza kuwa unyevu wa safari fupi, au maji yanayovuja kwenye gasketi ya hedi. Fungua rejeta: kulanti iwe na rangi yake, nyekundu, pinki au kijani. Maji ya kahawia yenye kutu maana yake ni maji ya bomba ya miaka mingi, na kutu hiyo imeshafika kwenye pampu na njia za ndani.

Washa. Mnyororo wa taimingi wa 1NZ-FE (injini ya 1.5 ya IST) au 2NZ-FE (ya 1.3) ukikwaruza sekunde moja kisha ukanyamaza, ni oili inapanda. Ukiendelea kukwaruza, mnyororo au kikaza chake kimechoka. Liache lisimame likinguruma dakika kumi, kisha kanyaga mafuta mara moja huku mwenzako akitazama eksozi. Wingu la bluu ni oili inayoungua.

Sasa taa ya bluu, maana hapa ndipo gari linaposema siri. Magari madogo mengi ya Toyota hayana mshale wa joto. Yana taa ya bluu ya injini baridi na nyekundu ya injini iliyochemka. Ya bluu inatakiwa izime baada ya dakika chache. Ikikaa muda mrefu barabarani ikiwa bado inawaka, uwezekano mkubwa themostati, kile kilango kinachozuia kulanti isizunguke hadi injini ipate joto, imeng'olewa. Mafundi wetu wengi huing'oa kwa maelezo kwamba nchi hii ina joto la kutosha. Injini inabaki baridi, kompyuta inadhani ndiyo kwanza imewashwa, inamimina petroli ya ziada, na mwenye gari analalamika kuwa IST siku hizi inakunywa. Lakini swali kubwa ni kwa nini iling'olewa. Mara nyingi themostati huguswa gari likishachemka. Huenda mahali fulani huko nyuma taa nyekundu iliwaka, na ikishawaka hiyo, huwa umeshachelewa.

Ukiridhika, lipa fundi apime kompresheni, yaani shinikizo la ndani ya silinda, kabla hujalipa gari. Kwa 1NZ-FE kipimo cha injini mpya ni takriban psi 213, cha chini kinachokubalika ni kama 156, na tofauti kati ya silinda na silinda isizidi 14. Silinda nne zilizoshuka pamoja hadi 180 ni injini iliyozeeka kwa haki. Tatu za 200 na moja ya 150 ni tatizo lenye jina, na si la kilometa.

Gia boksi: breki ikiwa imekanyagwa, toka R uende D. Ikikawia zaidi ya sekunde mbili au ikapiga kishindo, achana nalo. IST ya umbo la kwanza ina otomatiki ya gia nne inayotumia oili aina ya T-IV. Ni ya kizamani na inavumilia. Ile ya 2007 kuendelea, watu wanayoiita new model, yenye injini ya 1.5 na inayovuta kwa magurudumu mawili, ina CVT, otomatiki ya mkanda na puli isiyo na gia za hatua, na CVT ikiwekewa oili ya otomatiki ya kawaida na fundi asiyejua, inakufa bila kujali kilometa. Kwa hiyo la 2004 lenye 240,000 linaweza kuwa salama kuliko la 2009 lenye 110,000 ambalo historia ya gia boksi yake hakuna anayeijua. Huu ndio mfano ninaoutoa kila tarakimu za dashibodi zinapofanywa kipimo pekee.

Sitetei kila gari lililotembea. Noah na Voxy za 2001 hadi 2007, na RAV4 Kilitime zenye injini ya 1AZ-FSE, ile D4, ningeziepuka kilometa zikishakuwa nyingi hata kadi za oili ziwe kitabu kizima. Petroli inapulizwa moja kwa moja ndani ya silinda, haipiti kwenye valvu za kuingizia hewa kuzisafisha, masizi yanajijenga, na pampu yake ya shinikizo kubwa si kitu cha kubahatisha. Premio na Allion za 1.8 zenye 1ZZ-FE ya kabla ya 2005 zina tabia ya kula oili kwa sababu ya matundu madogo ya kurudishia oili kwenye pistoni. Hizo pima oili kwa kijiti kwa makini zaidi.

Upande wa pesa, tuseme IST ya 90,000 zisizo na ushahidi ni milioni 12, na ya 240,000 zenye kadi ni milioni 9. Hizo tatu za tofauti usizile. Zinaingia shokapu nne, bushi, linki, boljointi, matairi, betri, themostati, kulanti na oili ya gia boksi, na bado kuna chenji ya dharura. Kabla ya yote hayo hakikisha namba ya chesisi inalingana na kadi, angalia madeni ya maegesho na faini za trafiki kwa namba ya gari, kisha umiliki ubadilishwe TRA mwenye gari akiwa bado anapokea simu zako.

Wiki ya kwanza mwaga oili, weka chujio jipya na lita 3.7, piga picha ya odomita. Baada ya kilometa 1,000 simamisha gari mahali tambarare asubuhi na uchomoe kijiti. Ikihitaji lita nzima kurudi kwenye alama ya juu, ringi za pistoni zimechoka na tofauti ya milioni tatu imeshapata kazi. Ikihitaji robo lita au chini ya hapo, andika kwenye kadi, ining'inize, endelea na safari.