Midoli Iliyobaki Imesimama Machi Hii

Kishindo kilinitoa kitandani saa nane usiku, katikati ya Februari. Umeme ulikuwa umekatika tangu saa nne, feni imekufa, shuka limeloa. Nikajua mwizi. Nikawasha tochi ya simu, nikashika mwiko wa ugali (ndiyo, mwiko, ndicho kilichokuwa karibu), nikanyata mpaka sebuleni. Mwizi mwenyewe alikuwa Goku, mdoli wangu wa katuni ya Dragon Ball. Amelala kifudifudi ndani ya kabati la midoli, kamwangusha Black Panther, Black Panther kamsukuma Chun-Li, na kiganja kimoja cha Chun-Li hakijaonekana hadi leo.

"Nani huyo?" mama watoto akauliza kutoka chumbani.

"Goku."

"Amekufa?"

Nikamwambia hapana. Akarudi kulala.

Ndiyo maana orodha yangu ya midoli ya mwaka inatoka Machi, na wanaonitumia ujumbe tangu Desemba wakiuliza "mkuu, umechelewa" nawaomba radhi ya uongo. Sijachelewa. Matokeo ya kidato cha nne hutoka Januari, ya midoli yangu hutoka kaskazi ikishaisha kutuchoma. Mwaka wangu ni Machi hadi Machi, na naorodhesha kilichofika mikononi mwangu, si kilichotoka kiwandani. Kwa mizigo inavyosafiri kuja huku, na kwa siku zile kumi na moja ambazo boksi langu lilikaa kwenye ofisi moja likisubiri mtu aamue kama upanga wa sentimita nne ni silaha, kufuata kalenda ya Marekani ni kujitesa.

Wachambuzi wa nje huwa wananichekesha. Mtu anafungua boksi kwenye chumba chenye AC, anamkunja mdoli magoti, anamzungusha kiuno, anampa tisa kwa kumi, anamrudisha kwenye rafu. Hiyo ni sawa na kumsifia bwana harusi siku ya harusi. Njoo umuulize mke mwaka wa pili.

Mimi nauliza kitu kimoja tu: kifundo cha mguu. Uso uwe mzuri, rangi ziwe safi, mikono ya kubadilisha iwe sita, kama kifundo hakishiki nimenunua maiti. Uzito wote unaishia pale, kwenye kigololi kidogo kuliko punje ya choroko kilichobanwa ndani ya kikombe cha plastiki. Hakuna skrubu wala springi, ni msuguano peke yake. Na plastiki ikibeba mzigo muda mrefu inajinyoosha polepole, taratibu kiasi kwamba huoni, na joto linaiharakisha. Ukiongeza nyuzi 32 za mchana na unyevu wa bahari yetu, PVC, ile plastiki yao, inakuwa laini kama mkate uliofunikwa ukiwa moto. Mdoli hauanguki ghafla. Unainama nusu milimita leo, nusu kesho, siku uzito wa kichwa ukivuka ncha ya kidole gumba, ndipo unapokamata mwiko.

Tena mingine inatoa jasho. Msidhani natania. Kile kilainishi kilichochanganywa kwenye PVC kinapanda juu ya ngozi, ukigusa kinanata, vumbi la Sinza likitua halitoki. Sabuni ya vyombo na mswaki wa zamani vinatosha. Basi.

Goku wangu ni wa S.H.Figuarts, ile familia ya midoli ya kampuni ya Bandai ya Japani iliyoanza mwaka 2008, na sitasema uongo: kwa sura na mwendo wa viungo sijamwona wa kumfikia. Bega linaingia ndani kifuani kama la binadamu, kiwiko kinakunjika mpaka ngumi iguse bega. Lakini stendi ya kumshikilia inauzwa kivyake! (Stendi ya mdoli, si ya mabasi, wa Mbezi mnisamehe.) Umeshatoa hela ya kodi ya chumba, halafu unaambiwa kigongo cha plastiki cha kumzuia asianguke ni bidhaa nyingine. Kampuni ya Hasbro na midoli yao ya Marvel Legends hivyo hivyo, Black Panther kaja bila hata kisahani cha kukanyagia. Wenzao wa figma, midoli mingine ya Kijapani, wanaweka stendi yenye mkono unaokunjika ndani ya boksi. Kwa hiyo inawezekana. Wameamua tu.

Sasa niseme lililoniuma. Aliyenusurika kaskazi yote bila kutikisika ni Batman wa kampuni ya McFarlane, mdoli niliyemponda hapahapa mwaka jana. Nilimwita gogo. Nyonga zake ni ngumu, hapigi teke la maana, na ni wa inchi 7, akisimama na wenzake wa inchi 6 anaonekana mjomba aliyekuja kuchukua watoto shule. Yote hayo bado nayasema. Ila magoti yake yana meno ndani. Ukimkunja unasikia tak, tak, tak, kila hatua inajifunga mahali pake, joto litalegeza nini? Kisahani cha kusimamia kimo ndani ya boksi. Na lile joho la plastiki, zito, nililolilaani, linagusa chini nyuma ya visigino na kuwa mguu wa tatu. Sijui kama walikusudia. Amesimama tangu Juni. Mdoli wa mwaka ni yeye, na mtakaoleta maneno ya "si ulisema gogo" nimeshawasikia.

Kwa thamani ya pesa ni Ryu wa kampuni ya Jada, mpiganaji wa mchezo wa Street Fighter kama Chun-Li, alitoka kwa dola 25 hivi kule kwao, na ule moto wa buluu wa kushika mikononi umo. Nyayo pana, miguu peku, kifundo kizuri. Chun-Li wao naye angekuwa hapa kama si Goku.

Halafu kuna aibu moja lazima niitoe. Spaidaman wa Kariakoo. Feki kabisa, nilimnunua shilingi 6,000 kwa machinga ili mpwa wangu aache kukodolea kabati macho. Jicho moja limepakwa nje ya mstari. Ana viungo vitano: shingo, mabega mawili, nyonga mbili, mpangilio uleule wa midoli ya Star Wars ya Kenner mwaka 1978. Hana kifundo, kwa hiyo hana cha kulegea. Mtoto alimwacha juu ya friji mwezi wa kumi, amesimama, na mpaka naandika hapa bado amesimama, ananiangalia kwa lile jicho moja kila ninapofuata maji.

Mtaniuliza, si bora ununue wenye viungo vitano basi? Hapana. Hasbro walipoanza na G.I. Joe, yule askari wao, mwaka 1964 walijisifu kwa sehemu 21 zinazosogea, na wakakwepa kabisa neno la mdoli ili wavulana wanunue bila haya. Sisi Kiswahili hakikutupa pa kujificha, wangu ni midoli na nina miaka 38. Lakini zile sehemu 21 zilikuwa na maana. Mdoli usiokunjika ni sanamu, na sanamu nikitaka naenda Mwenge nachukua kinyago cha mpingo, hakitoi jasho na hakinyooki. Utamu wa hawa ni kwamba Jumapili jioni, kelele zimetulia, unamgeuza Ryu kiuno kidogo, unashusha bega, na ghafla anakuwa mtu anayeanza kufanya jambo. Kwa sekunde moja hivi unashika pumzi. Hicho ndicho ninacholipia, ndiyo maana nakasirika wakinipa kifundo cha ovyo.

Kwa midoli yenu iliyolegea vifundo: supagluu kidogo sana juu ya gololi, sambaza na kijiti, acha ikauke kabisa, usiku mzima, ndipo urudishe. Ukirudisha mapema umemgundisha milele. Na msiibe rangi ya kucha ya wake zenu kama mimi, ile ilimlamba Black Panther kifundo mpaka kikawa na makovu, halafu ikabidi ninunue chupa mpya.

Mama watoto, kwa haki, ana hoja moja. Asubuhi ya ajali alisimama mbele ya kabati na kikombe cha chai. "Umemsimamisha kwa mguu mmoja tangu Novemba. Wewe ungeweza?" Sikujibu. Nilijifanya natafuta kiganja cha Chun-Li.

Na kabati lenyewe, sawa, nalo lina lawama. Alinitengenezea fundi wa aluminiamu, kioo pande zote, taa juu, jirani wakadhani nafungua kijiwe cha chipsi. Fundi alisema tuache matundu kwa juu. Nikakataa, vumbi litaingia. Akaniambia, "Bosi, hata chipsi zinahitaji kupumua." Nikamwona hajui anachosema. Februari niliingiza kipimajoto mle saa tisa alasiri, taa imewaka, jua la magharibi linapiga kioo. Nyuzi 41.

Jumamosi nimemwita aje atoboe. Hakuuliza kwa nini, alitabasamu tu, akatoa drili. Alipomaliza akamchukua Batman, akamkunja goti karibu na sikio, tak, tak, akamkunjua, akamkunja tena.

"Huyu aliyetengeneza ni fundi," akasema, akamrudisha palepale.

Kisha akamwona Goku. Siku hizi nimemkalisha ukingoni mwa rafu, miguu inaning'inia.

"Na huyu vipi, anaumwa?"