316L au 904L: namba ya chuma kwenye saa bandia ina uzito gani?

Wauzaji wa saa bandia wana namba moja wanayoipenda kuliko zote: 904L, jina la aina mojawapo ya stenlesi, yaani chuma kisichoshika kutu. Ikionekana kwenye tangazo, ujue na bei imepanda. Ikiwa ni 316L, aina nyingine ya stenlesi, unaambiwa hiyo ni ya daraja la chini. Wanunuzi nao wamegawanyika. Wapo wanaoapa kwamba kopi isiyo ya 904L ni kichezeo tu, na wapo wanaosema namba hizo ni porojo za sokoni, stenlesi ni stenlesi. Kila upande una ukweli wake, ila mara nyingi hoja wanazozitetea kwa sauti kubwa ndizo dhaifu.

Stenlesi haishiki kutu kwa sababu ya kromi. Kromi ikikutana na hewa hutengeneza utando mwembamba mno juu ya chuma, na utando huo ukikwaruzwa hujirudisha wenyewe. Adui wake ni chumvi. Kloridi iliyomo kwenye jasho na maji ya bahari huutoboa hapa na pale, kisha chuma kikaanza kuliwa kwa vishimo vidogo vinavyokwenda chini. Molibdeni, metali nyingine, huongezwa ili kuzuia hilo. 316L ina kromi asilimia 16 hadi 18, nikeli 10 hadi 14 na molibdeni 2 hadi 3. 904L ina kromi 19 hadi 23, nikeli 23 hadi 28, molibdeni 4 hadi 5, na shaba kidogo, asilimia 1 hadi 2.

Wahandisi wana hesabu yao ya kukadiria ustahimilivu dhidi ya vishimo: asilimia ya kromi, jumlisha molibdeni mara 3.3, jumlisha naitrojeni mara 16. 316L hupata kama 24, na 904L kwa kawaida hufika kama 34 au zaidi. Pengo hilo si dogo, na anayesema vyuma hivi ni kitu kimoja amekosea. Lakini 904L ilibuniwa kwa ajili ya mitambo inayopitisha asidi ya salfuriki, na shaba iliwekwa humo kwa kazi hiyo hiyo. Sijaona bado mkono wa mtu unaotoka jasho la aina hiyo.

Umaarufu wake kwenye saa umetoka Rolex, iliyoanza kuitumia mwaka 1985, ikaieneza taratibu kwenye saa zake zote za chuma, na sasa inaiita Oystersteel. Omega nayo imetengeneza saa za kuzamia za 316L kwa miaka mingi, na zinazama na kuibuka salama. Watengenezaji wa kopi waliikimbilia 904L kwa sababu wanaiga Rolex, wakitaka waweze kusema kwamba hata chuma ni kile kile.

Hapo ndipo hoja za ovyo zinapoingia. Utasikia kwamba 904L ni nzito zaidi mkononi. Si kweli: vyote viwili vina gramu zipatazo 8 kwa sentimita moja ya ujazo. Utasikia pia kwamba haikwaruziki. Ukweli ni kwamba 904L ni laini kama 316L, pengine hata kidogo zaidi. Zote huwa karibu na 150 hadi 200 kwa kipimo cha ugumu kiitwacho Vickers, wakati chembe ya mchanga wa kwatzi (quartz) inapita 1,000. Ukiburuza saa kwenye ukuta, namba iliyochongwa nyuma haitakusaidia.

Faida halisi ya 904L iko mahali usipopaona: chini ya mpira wa kifuniko cha nyuma, na kwenye nyuzi za skrubu za kukifungia. Maji ya chumvi yakijibanza humo, hewa haiingii, utando haujirudishi, na kutu hula kimyakimya. Mtu anayeogelea baharini na saa yake mwaka hadi mwaka ana sababu ya kuitaka. Tatizo ni kwamba hiyo ndiyo sehemu ya kopi nisiyoiamini hata kidogo. Chuma bora kilichofunikwa na mpira mbovu kitabaki kinang'aa huku mashine ya ndani ikiota kutu.

Tena 904L ni kaidi kwenye kuchongwa. Inanata kwenye kisu, inazidi kuwa ngumu kadiri inavyokatwa, na inamaliza vifaa haraka. Karakana isiyoizoea inaweza kutoa kasha lenye kingo zilizolegea na nyuzi zisizokaa sawa. Mimi ningechukua 316L iliyochongwa vizuri bila kufikiri mara mbili.

Kisha kuna suala la kuhakikisha. Jicho haliwezi kutofautisha vyuma hivi viwili. Mizani haiwezi. Sumaku nayo haiwezi, kwani vyote kwa kawaida havivutwi. Kinachoweza ni kifaa cha eksirei kinachosoma madini yaliyomo kwa sekunde chache, na wauzaji wengine huonyesha picha za vipimo hivyo. Lakini pingili moja ya mkanda iliyopimwa haisemi lolote kuhusu kasha, wala kuhusu shehena ijayo. Na aliyekwisha kuandika jina la mwenzake usoni mwa saa, ataona haya gani kuandika namba ya chuma mgongoni?

Wanaobishania 316L na 904L wanasahau kopi za bei ya chini kabisa, ambako swali ni kama hata hiyo 316L imo. Huko unaweza kukuta stenlesi za namba nyingine: 304 haina molibdeni ya kutegemewa. 303 ni mbaya zaidi: imeongezwa salfa, asilimia 0.15 au zaidi, ili ikatike kirahisi, na chembe za salfa hizo ndizo kutu inapoanzia. Chuma kikiliwa, nikeli hutoka. Wenye mzio huogopa 904L kwa sababu nikeli yake inafika robo ya chuma chote, ila kinachowasha ngozi ni nikeli inayotoka, si iliyofungwa ndani. Ndiyo maana kikomo cha Umoja wa Ulaya, mikrogramu 0.5 kwa sentimita ya mraba kwa wiki, kinapima inayotoka. 303 yenye nikeli asilimia 8 hadi 10 tu inaweza kumwasha mtu ambaye 904L haimgusi.