Teke adimu lililo wazi, udakaji wa kila siku uliojaa utata

Tarehe 19 Desemba 2024, katika NFL, ligi kuu ya futiboli ya Marekani, Los Angeles Chargers walikuwa nyuma kwa 21-10 dhidi ya Denver Broncos, nusu ya kwanza ya mchezo ikiwa imebakiza sekunde chache. Broncos wakapiga mpira mbali kuuondosha upande wao. Derius Davis wa Chargers akapunga mkono juu ya kichwa kuonyesha kwamba ataudaka bila kukimbia nao, lakini akavamiwa na mchezaji wa Denver kabla hajaudaka. Saa ikaisha. Wengi walitarajia timu zielekee vyumbani. Badala yake waamuzi wakausogeza mpira yadi 15 mbele kwa kosa la kumwingilia mdakaji, JK Scott wa Chargers akapiga goti na kuusimamisha mpira chini kwa kidole, na mwenzake Cameron Dicker akaupitisha katikati ya milingoti kutoka yadi 57. Pointi tatu. Chargers walikuja kushinda 34-27.

Kabla ya hapo, mara ya mwisho teke la namna hiyo kuingia katika NFL ilikuwa 1976, mpigaji akiwa Ray Wersching, naye wa Chargers, enzi hizo wakiwa San Diego. Miaka 48 katikati. Ndiyo maana baada ya teke la Dicker ubishi ulizuka upya: sheria isiyozaa pointi kwa karibu nusu karne ina kazi gani kitabuni? Kuna wanaotaka ifutwe pamoja na masalia mengine ya zamani, na kuna wanaoiona kuwa mali ya mchezo. Pande zote mbili zina hoja. Ila kwa maoni yangu ubishi huo unaelekezwa mahali pasipo na tatizo.

Tuanze na sheria yenyewe. Katika futiboli ya Marekani timu ina majaribio manne ya kusogea yadi 10. Ikikwama, jaribio la nne kwa kawaida hutumika kupiga mpira mbali: mpigaji anauachia kutoka mikononi na kuupiga kabla haujagusa ardhi, wapinzani waanzie mbali. Anayeupokea ana hiari mbili. Anaweza kuudaka na kukimbia, huku watu wenye kilo mia wakimjia kwa kasi, au anaweza kunyoosha mkono mmoja juu ya kofia yake na kuupunga upande hadi upande. Akishapunga, hakuna ruhusa ya kumgusa wala kumzuia asiufikie mpira. Naye kwa upande wake hawezi kukimbia nao. Akiudaka, mpira unakufa palepale.

Hapo ndipo hiari isiyojulikana inapoingia. Timu ya mdakaji inaweza kuanza mashambulizi ya kawaida, au kupiga mpira golini kutoka pale ulipodakwa. Mpira unaweza kushikwa chini na mwenzake, au mpigaji akaudondosha na kuupiga unapodunda. Kigoda cha plastiki, kile kinachotumika kwenye teke la kuanzisha mchezo, hakiruhusiwi. Wapinzani lazima wakae yadi 10 nyuma. Mtazamaji wa soka umbali huo anaujua vizuri: mita 9.15 za ukuta wa faulo ni hizohizo yadi 10. Na kama muda wa nusu umeisha wakati mpira uko hewani, timu iliyodaka bado ina haki ya kupiga teke hilo moja.

Wapenzi wa raga, wakiwemo wale wanaofuatilia timu ya Kenya, wataitambua asili yake. Kwenye raga mchezaji akidaka mpira wa teke ndani ya mita 22 zake na kupaza sauti “mark!”, anapewa teke huru. Zamani teke hilo liliweza kupigwa golini na kuhesabiwa. Raga ikaiondoa haki hiyo. NFL, iliyoirithi kutoka mti huohuo, ikabaki nayo, na ligi za shule za sekondari za Marekani pia. Vyuo vikuu havina.

Faida yake ya kiufundi ni kubwa kuliko inavyoonekana. Kwenye teke la kawaida la golini, mpira hurushwa nyuma yadi saba au nane kwa mshikaji, na milingoti iko yadi 10 nyuma ya mstari wa goli. Mpira ukiwa kwenye yadi 47 ya mpinzani, yaani yadi 47 kutoka mstari wake wa goli, teke la kawaida linakuwa la yadi 64 au 65. Teke la Dicker, kwa kuwa halikuhitaji kurushwa nyuma, lilikuwa 57. Halafu kuna suala la muda. Kwenye teke la kawaida mpigaji ana zaidi kidogo ya sekunde moja kabla mikono ya wapinzani haijafika, hivyo hukimbia hatua mbili tu na kulazimika kuunyanyua mpira mapema. Hapa hakuna wa kumkimbiza. Anaweza kurudi nyuma hatua nyingi zaidi, na anaweza kuupiga kwa mwinuko wa chini, ambao huupeleka mpira mbali zaidi.

Wanaotaka ifutwe wanasema huo ndio udhalimu wenyewe: pointi tatu ambazo mpinzani hana njia ya kuzizuia, katika mchezo ambao kila pointi nyingine inapatikana kwa kupita mbele ya ulinzi. Wanaongeza kwamba sheria ambayo baadhi ya wachezaji wanaisikia siku inapotumika haiwatendei haki mashabiki, na kwamba kitabu cha NFL kimeshakuwa kinene mno. Hoja ya kwanza ni nzito. Hii ya pili ni dhaifu, kwa sababu kutoijua sheria ni kosa la kocha, na teke la Denver linaonyesha hivyo: Broncos ndio waliochagua kupiga mpira ule sekunde zikiwa chache, na ndio waliomvamia mdakaji.

Upande wa utetezi una jibu la kueleweka. Teke halitolewi bure. Mdakaji amesalimisha haki ya kukimbia, na huenda yadi hizo zingekuwa nyingi. Mpigaji akikosa, wapinzani wanaanza pale teke lilipopigwa, yaani katikati ya uwanja au karibu na hapo. Na mpira ukiwa mfupi, mpinzani aliyesimama chini ya milingoti anaweza kuudaka na kukimbia nao dhidi ya kikosi kilichojaa wazito wasiozoea kufukuza. Katika futiboli ya vyuo vikuu, Auburn walishinda hivyo dhidi ya Alabama tarehe 30 Novemba 2013, pale Chris Davis alipoubeba mpira wa teke lililopungua kutoka mwisho mmoja wa uwanja hadi mwingine, matokeo yakawa 34-28. Lile lilikuwa teke la kawaida la golini, lakini hatari ni ileile.

Uadimu wake nao una sababu, hautokani na ubovu wa sheria. Teke hili linahitaji mpinzani akwame karibu na goli lake huku nusu ikiwa imebakiza sekunde kama kumi, apige vibaya, na mpira udakwe karibu na katikati. Timu yenye akili huepuka: mpigaji anautoa nje ya mstari wa pembeni, au anakimbia ovyo na mpira hadi saa iishe. Ila masharti yanalegea kadiri miguu inavyopata nguvu. Justin Tucker alipopiga la yadi 66 mwaka 2021, hiyo ilikuwa rekodi ya ligi. Cam Little wa Jacksonville akaifikisha 68 mwaka 2025. Mpira ukidakwa kwenye yadi 45 ya timu yenyewe, yaani yadi 55 kutoka mstari wa goli la mpinzani, teke ni la yadi 65. Zamani lilikuwa la kubahatisha. Sasa ni hesabu halali.

Lakini tazama kitu kimoja kuhusu sheria hii yote: hakuna pahala inapomtaka mwamuzi akisie. Mkono ulipungwa au haukupungwa. Mpira ulidakwa hapa, si pale. Mpinzani yuko yadi 10 au hayuko. Ni ngeni, ila ni ngumu kuibishania.

Hali ni hiyohiyo kwa sheria nyingine za mateke zinazowashangaza watu. Chukua mpira uliopapaswa. Kuna tofauti kati ya kuponyokwa na mpira ambao tayari ulikuwa wako na kuupapasa ambao hukuwahi kuumiliki. Timu iliyopiga teke la kuondosha ikiupata mpira ambao mpokeaji ameupapasa, inaubakiza lakini haiwezi kukimbia nao mbele. Ikiupata ulioponyoka baada ya kumilikiwa, inaruhusiwa kukimbia. Na kugusa ni kugusa, hata kwa goti, hata bila kujua, labda kama mpinzani ndiye aliyemsukuma mtu hadi mpirani.

Tarehe 25 Novemba 1993, siku ya Shukrani, Dallas Cowboys waliongoza 14-13 dhidi ya Miami kwenye uwanja uliofunikwa na barafu. Zikiwa zimebaki sekunde 15, Jimmie Jones akaliziba teke la Miami la golini. Mpira ukaangukia upande wa Dallas na kuzunguka polepole kwenye barafu, wachezaji wa Cowboys wakiuzunguka na kuambiana kwa mikono: usiguse. Usipoguswa, mchezo unaisha na mpira ni wao. Leon Lett, beki wa mstari wa mbele, akaja mbio akateleza na kuupiga kwa mguu. Kuanzia hapo mpira ukawa wa yeyote. Miami wakaulalia kwenye yadi ya kwanza, Pete Stoyanovich akapiga tena kutoka karibu, 16-14. Liliwauma sana watu wa Dallas, lakini hakuna aliyeweza kusema sheria haikueleweka.

Mfano wa pili wa aina hiyo ni wa kugusa kwanza. Timu iliyopiga ikiugusa mpira kabla ya wapokeaji, tuseme kwenye yadi 10, wapokeaji wamepata bima. Mmoja wao anaweza kuuokota, akajaribu kukimbia, na hata ukimponyoka na kuchukuliwa na wapinzani, timu yake inaweza kurudi kuudai kwenye ile yadi 10. Ndiyo maana mpokeaji mwerevu huuokota bila woga mpira ulioguswa.

Teke la kuanzisha mchezo, ambalo NFL ililibadilisha kabisa mwaka 2024, nalo limejaa masharti mapya: ukitua mbele ya mstari wa goli kisha ukabingirika ndani na kutulizwa humo, mpokeaji anaanzia yadi 20, ukiingia ndani moja kwa moja hewani na kutulizwa humo, tangu 2025 anaanzia 35. Mengi ya kukariri, lakini jicho linaona mpira ulipotua.

Sasa linganisha na udakaji wa pasi, jambo linalotokea mara kadhaa kila dakika chache. Januari 2015, kwenye uwanja wa Green Bay, Dallas walikuwa nyuma 26-21, jaribio la nne, zimebaki chini ya dakika tano. Dez Bryant aliruka juu ya Sam Shields, akaunyakua mpira, akashuka, miguu ikagusa chini zaidi ya mara mbili huku akianguka, akaunyoosha mpira kwa mkono mmoja kuelekea mstari wa goli. Mpira ukagonga ardhi, ukaruka kidogo, akaudaka tena. Mwamuzi uwanjani alisema amedaka. Marudio ya video yakasema hapana, kwa sababu sheria ya wakati huo ilimtaka anayeanguka aumudu mpira mpaka mwisho wa kuanguka kwake. Calvin Johnson wa Detroit alikwishanyimwa bao kwa sheria hiyo mwaka 2010 dhidi ya Chicago, na Jesse James wa Pittsburgh akanyimwa Desemba 2017 dhidi ya New England.

Machi 2018 wamiliki wa timu wakaibadilisha, kura 32 kwa sifuri. Sasa yanatakiwa mambo matatu: kuumudu mpira, kugusa chini ndani ya mstari kwa miguu miwili au kiungo kingine kisicho kiganja cha mkono, kisha kufanya tendo la kimchezo kama kupiga hatua ya ziada, kuukumbatia mpira au kuunyoosha mbele, au kuumudu kwa muda ambao ungetosha kufanya tendo hilo.

Kipengele hicho cha mwisho ndicho kinachozaa ugomvi. Muda wa kutosha ni kiasi gani? Mwamuzi anapima kitu ambacho hakikutokea.

Kwa haki, sheria ya zamani ilikuwa na sifa ambayo mashabiki waliisahau kwa hasira: ilikuwa na mpaka mmoja. Umeanguka na mpira, au umeanguka bila mpira. Iliyakana macho ya watu, lakini waamuzi wawili walioitazama video moja walikuwa na uwezekano mkubwa wa kukubaliana. Ya sasa inafanana zaidi na tunavyoelewa neno kudaka, ila inaacha nafasi kwenye robo ya sekunde.

Mimi ningelifuta lile neno la muda na kuacha matendo peke yake: hatua ya tatu, kugeuka, kukumbatia, kunyoosha. Jicho linayaona. Gharama yake ipo na haifai kufichwa: mchezaji aliyesimama imara na mpira bila kufanya lolote, akagongwa ukamtoka, atahesabiwa hakudaka, na mabeki watanyimwa mipira kadhaa ambayo leo inahesabiwa imeponyoka. Ukiivuta sheria upande mwingine, udakaji ukahesabiwa mapema baada ya miguu miwili tu, pasi nyingi ambazo leo ni za kukosa zitageuka mipira ya kugombaniwa chini, na mdakaji ataupoteza mpira kabla hajapata hata nafasi ya kugeuka kumwona anayemgonga.